Maswali ya Wasomaji: Nani kachora mpaka wa hiyo tathmini?

Wasomaji wangu, habari za siku nyingi. Mwezi huu barua na meseji zilizoingia karibu zote zinazunguka jambo moja, watu wanaletewa ripoti za tathmini ya uendelevu, yaani kupima kama jambo litadumu bila kumaliza maji, udongo na watu wake, zina majedwali, zina alama, zina rangi ya kijani na nyekundu, halafu wanaambiwa haya sasa amueni. Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana kuna watu wanakaa mkutano hivi karibuni na uamuzi wa ardhi ukishapigwa muhuri kuurudisha ni kazi.

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mjumbe wa serikali ya kijiji huku Mufindi. Kuna mwekezaji anataka mteremko wote wa upande wa magharibi pamoja na bonde la chini apande milingoti (mikaratusi). Bondeni huko ndo wananchi wanalima vinyungu, kiangazi chote mahindi mabichi na mboga tunatoa kule. Wamekuja wataalamu wamefanya tathmini, wameleta jedwali (picha nimekutumia), milingoti imepata 6.55 na kubaki na vinyungu 5.5. Mwenyekiti anasema namba haidanganyi tupitishe. Mi roho inakataa ila sina cha kusema maana hayo mambo sijayasomea. Mkutano mkuu ni baada ya wiki tatu, nisaidie."

Marahaba ndugu mjumbe. Picha nimeiona, nimeikuza nikaisoma mstari kwa mstari, na kwanza nikutoe wasiwasi, hesabu yao iko sawa, wamejumlisha vizuri kabisa. Shida haiko kwenye kujumlisha.

Mbinu waliyotumia ni uchambuzi wa vigezo vingi na ni mbinu halali, inatumika dunia nzima. Inasaidia pale unapolinganisha vitu ambavyo havina kipimo kimoja, hela unahesabu kwa shilingi, maji kwa lita, ajira kwa vichwa vya watu, sasa utajumlishaje? Basi kila kitu kinapewa alama kuanzia 0 mpaka 10, halafu kila kigezo kinapewa uzito wake, unazidisha unajumlisha unapata namba moja. Kwenye jedwali lenu vigezo ni vinne, kipato kina uzito wa asilimia 50, ajira 20, maji 15 na udongo 15. Milingoti wameipa 9 kwenye kipato, 5 ajira, 2 maji, 5 udongo. Vinyungu wamepewa 5 kipato, na 6, 6, 6 kwa hivyo vingine.

Sasa chukua daftari fanya hivi mwenyewe. Usiguse alama hata moja, badilisha uzito tu, kipato kiwe 30, maji yawe 35, ajira ibaki 20 na udongo 15. Milingoti inashuka mpaka 5.15, vinyungu vinapanda mpaka 5.7. Umeona? Alama ni zilezile, wataalamu ni walewale, bonde ni lilelile, mshindi kageuka. Kwahiyo hilo jedwali halijawaambia kwamba milingoti ni bora, limewaambia kwamba ukiamini hela ni muhimu zaidi ya mara tatu kuliko maji basi milingoti ni bora, na swali la kuuliza mkutanoni ni hili, nani aliyesema hivyo? Kaulizwa nani? Maana uzito haupimwi kwa chombo chochote, hakuna rula yake, ni chaguo la watu, na watu wenye haki ya kulichagua ni nyie mnaokunywa maji ya hilo bonde. Mtathmini mzuri anakuja na vigezo, anakaa na wanakijiji, wanaume peke yao na wanawake peke yao, anauliza kila kundi lipange kipi kinatangulia, halafu anaonyesha matokeo kwa kila mpangilio bila kuficha kwamba yanapishana. Ombeni hiyo kazi ifanyike kabla ya kura.

La pili ni hiyo 2 ya maji. Nadhani hata wao walijua ndo maana wakaipa alama ndogo, ila ndani ya jumla ikamezwa na 9 ya hela. Afrika Kusini, Mpumalanga, sehemu inaitwa Mokobulaan, watafiti walipanda milingoti kwenye bonde dogo lenye kijito wakawa wanapima maji miaka na miaka. Mwaka wa tatu maji yakaanza kupungua kwa kiasi kinachoonekana kwenye vipimo. Mwaka wa tisa kijito kikakauka kabisa. Miti ilipofikisha miaka 16 wakaikata yote, na pamoja na kukata bado ilichukua miaka mitano mingine ndo kijito kikarudi kutiririka mwaka mzima kama zamani. Misindano (paini) nayo kwenye bonde la jirani ilikausha, ila ikachelewa kidogo, mwaka wa 12. Ni kwa sababu ya mambo kama hayo sheria yao ya maji ya 1998 inahesabu mashamba ya miti kama shughuli inayopunguza maji ya mto na inataka kibali. Sisemi kwenu itakuwa hivyohivyo mwaka kwa mwaka, mvua na udongo vinatofautiana, ila mtu akikupa mkataba wa miaka 30 anatakiwa akwambie mwaka wa tisa kisima kitakuwaje.

Ndo maana mimi kwenye mambo ya maji sipendi kujumlisha kwanza. Napenda muweke kizingiti. Mnakubaliana mkutanoni kwamba chemchem ya bondeni lazima itoe maji mwezi wa kumi na wa kumi na moja, pendekezo lolote lisiloweza kuthibitisha hilo linatoka mezani kabla ya kuhesabu alama zozote, yaliyobaki ndo mnayalinganisha kwa hela na ajira. Wataalamu wengine huita huo uendelevu wenye nguvu, kwa maana kuna vitu ambavyo hela haiwezi kuvifidia, tofauti na ule wa kujumlisha ambapo pato kubwa linafunika kisima kikavu.

Na nikwambie ukweli mwingine ambao baadhi ya wanakijiji hawataupenda, vinyungu navyo visipewe alama za bure. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji, na kuna watu wanalima mpaka kwenye jicho la chemchem. Hiyo 6 ya maji kwa vinyungu iulizwe vilevile.

Ila kilichonishangaza zaidi kwenye jedwali lenu ni kwamba lina chaguo mbili tu. Miti kila mahali au vinyungu vilevile. Mbona halipo la tatu, miti juu mteremkoni mbali na maji, bonde libaki na wananchi, vinyungu vitoke ndani ya zile mita 60? Mbona hakuna parachichi wakati jirani zenu Njombe wamepanda? Tathmini inalinganisha kile ulichoiwekea tu, chaguo ambalo halikuandikwa haliwezi kushinda. Andika barua leo kwa mtendaji, iingie kwenye ajenda.

"Mwalimu mi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Morogoro. Tunafundishwa hii tathmini ya athari kwa mazingira, TAM, lakini mtaani kila mtu anasema ni makaratasi tu ya kupata kibali, mradi unakuwa ushaamuliwa. Je ina maana yoyote au tunakariri tu?"

Ina maana mwanangu, na walipoipuuza tulilipa. Si unalijua bwawa la Kihansi, lile linalozalisha megawati 180? Maji yaliyokuwa yanashuka kwenye maporomoko yalielekezwa kwenye handaki yakazungushe mitambo, uamuzi wenye faida kubwa kwa nchi, umeme unahitajika na mimi sibishi hilo. Ila tathmini ya mwanzo haikulichunguza vya kutosha lile korongo chini ya bwawa, mahali ambapo maji yalikuwa yanapiga mawe yanarusha manyunyu usiku na mchana. 1996, ujenzi ukiwa unaendelea, watafiti wakakuta humo chura mdogo wa rangi ya njano ambaye hayupo popote pengine duniani, chura anayezaa watoto wakiwa kamili badala ya kutaga mayai, na makazi yake yote yalikuwa kama hekta mbili tu za majani yaliyolowa manyunyu. Bwawa likaanza kazi, maji ya korongoni yakapungua kwa karibu asilimia 90, manyunyu yakakata.

Kilichofuata ni mbio. Wakachukuliwa vyura 499 mwaka 2000 wakapelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, wakafungiwa vyumba vya unyevunyevu walelewe. Kule korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga manyunyu, vyura waliobaki wakaongezeka kidogo, halafu 2003 wakaporomoka ghafla, ugonjwa wa ukungu wa ngozi ya vyura ukiwa ni mmoja wa watuhumiwa. 2009 wakatangazwa kwamba wametoweka porini. 2010 wengine wakarudishwa Dar es Salaam, baadaye wakaanza kurejeshwa korongoni. Piga hesabu ya ndege, mabomba, maabara, wataalamu na miaka yote hiyo, halafu jiulize kuingia lile korongo na kulichunguza kabla ya kusaini kungegharimu nini. Kwenye somo lako utakuta neno mipaka ya tathmini limeandikwa kwenye mstari mmoja mkavu, wewe ukilisoma mkumbuke huyo chura, maana mpaka ulichorwa yeye akabaki nje.

Kuhusu kwamba mradi unakuwa ushaamuliwa, angalia Lamu. Ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipata leseni ya mazingira mwezi wa tisa 2016, kila kitu kikaonekana kimeisha. Wananchi wa Lamu kupitia umoja wao wa Save Lamu wakaenda kwenye baraza la rufaa la mazingira la Kenya, na tarehe 26 Juni 2019 baraza likaifuta leseni. Sababu kubwa ni ushirikishwaji, mikutano ilifanyika ndio, lakini ilikuwa ya kuutambulisha mradi, watu hawakupewa nafasi ya kweli ya kuijadili ripoti yenyewe na athari zake, na sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa ipasavyo. Kwahiyo makaratasi hayohayo unayoyakariri ndo wavuvi wameyashika mahakamani, wakaonyesha ukurasa na tarehe. Soma kwa bidii, na ukishaajiriwa usikubali kuandika "wananchi walishirikishwa" kama hukuwaachia ripoti wakaisoma kwa lugha yao.

"Habari mwalimu. Niko Birmingham nafanya kazi ya unesi, mimi ni wa Nakuru. Wenzangu kazini walichanga kununua maua ya mgonjwa nikachagua waridi za Kenya, dada mmoja akasema maua ya ndege yanaharibu dunia heri ya Uholanzi ni karibu. Nilikosa jibu na iliniuma. Ni kweli?"

Dada pole, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Umbali ni kitu kimoja tu ndani ya safari ndefu ya ua. Kuna mbinu inaitwa tathmini ya mzunguko wa maisha, unafuata bidhaa toka mbegu na mbolea mpaka inatupwa jalalani, unahesabu kila nishati na kila gesi iliyotoka njiani, viwango vyake vya kimataifa vilianza kutoka 1997. 2007 chuo cha Cranfield hapohapo Uingereza walifanya hesabu hiyo kwa waridi 12,000 zinazofika soko la Uingereza. Za Kenya, pamoja na ndege, zilitoa kama kilo 6,000 za hewa ukaa. Za Uholanzi zilitoa kama kilo 35,000. Yaani ua moja la Kenya nusu kilo, la Uholanzi karibu kilo tatu. Naivasha, kule waridi za Kenya zinakolimwa, jua ni la bure na joto ni la bure, Uholanzi nyumba ya kioo inapashwa moto na kuwashwa taa majira ya baridi, huko ndo nishati inakoishia.

Hilo ndo jibu la yule dada, na ulimpe kwa upole. Ila kwa kuwa we ni mtu wa Nakuru na ziwa Naivasha ni lenu, nisikuache hapo. Ile kazi iliagizwa na kampuni inayouza maua, haimaanishi ni ya uongo, ila ni jambo la kulijua kila unaposoma tathmini yoyote, nani kalipa. Na ilihesabu hewa ukaa. Maji hayamo kwenye hizo kilo. Watafiti wengine mwaka 2012 walikadiria ua moja la waridi la Naivasha linatumia kati ya lita 7 na 13 za maji, kwahiyo maua 12,000 hayohayo ni kati ya lita 84,000 na 156,000, kutoka bonde ambalo lina wavuvi, wafugaji na mji unaokua. Ukipima hewa Kenya inashinda vizuri sana, ukipima maji lazima uulize yanatoka wapi na nani mwingine anayahitaji, huwezi kuchukua jibu la kipimo kimoja ukalijibia swali la kingine. Mimi ningenunua waridi za Kenya, na ningetaka anayeziuza aseme shamba lake linafanya nini na maji ya ziwa.

"Nauza vikapu vya ukili na mifuko ya kitambaa Tanga. Mteja kanionyesha kwenye simu kwamba mfuko wa pamba mpaka uutumie mara 7,100 ndo uwe bora kuliko wa plastiki. Basi tulikatazwa plastiki bure?"

Hapana mama, na biashara yako endelea nayo. Namba hiyo ipo kweli, imetoka kwenye ripoti ya wakala wa mazingira wa Denmark ya 2018, ila mteja wako hakukusomea yote. Ukiangalia mabadiliko ya tabianchi peke yake mfuko wa pamba ya kawaida unahitaji kutumika mara 52, mwaka mmoja wa kwenda sokoni kila wiki. Hiyo 7,100 inakuja ukitaka ushinde kwenye kila kipimo, na kilichoipandisha ni kipimo kimoja cha tabaka la ozoni. Halafu, na hapa ndo penyewe, ile hesabu ni ya Denmark ambako mfuko unaishia kwenye pipa na unachomwa kwenye mtambo, takataka za mtaani waliziona ni kidogo kiasi cha kutozihesabu. Tanga mfuko ulikuwa unaishia mtaroni, mvua ikinyesha maji yanaingia ndani kwa watu, ng'ombe anaula anakufa nao tumboni, mwingine unafika baharini. Zanzibar walikataza toka 2006, Kenya Agosti 2017, Tanzania bara Juni 2019, na walichokuwa wanakikabili ni hayo mambo ambayo hesabu ya Denmark haikuyagusa. Na kikapu cha ukili hakimo kabisa kwenye ripoti hiyo. Ila ushauri wake mmoja uchukue na uwaambie wateja, mfuko wa kitambaa faida yake inatokana na kuutumia mara nyingi, mtu anayenunua mpya kila akisahau wa zamani nyumbani anaharibu. Shona mshono imara.

"Mwalimu, sie wavuvi wa Kwale. Kuna pendekezo la kukata mikoko tuchimbe mabwawa ya kufugia kamba. Ripoti imehesabu faida za mikoko kwa miaka 50 na bado mabwawa yanashinda. Vipi mabwawa ya miaka kumi yashinde mikoko ya miaka yote?"

Fungueni ukurasa ulioandikwa kiwango cha punguzo, huwa kimewekwa mbali huko nyuma. Wachumi wanasema shilingi ya leo ni bora kuliko ya kesho, kwahiyo kila faida ya mbele wanaipunguza thamani mwaka kwa mwaka. Shilingi milioni moja ambayo mikoko itawapa watoto wenu mwaka wa 50, ukiipunguza kwa asilimia 12 kwa mwaka, leo inaandikwa kama shilingi 3,460 hivi. Ukiipunguza kwa asilimia 3 inaandikwa kama 228,000. Milioni ni ileile, samaki ni walewale, mtu kabadilisha namba moja kwenye kompyuta na wajukuu wamefutika. Asilimia 12 inaeleweka kwa mtu aliyekopa benki. Kwa msitu unaolea samaki na kuzuia mawimbi mimi siikubali, na hata wachumi wakubwa waligombana sana juu ya hili baada ya ripoti ya Nicholas Stern ya 2006 kuhusu tabianchi, iliyotumia kiwango kidogo sana. Waambieni wawape hesabu kwa asilimia 12, kwa 6 na kwa 3, zote tatu kwenye meza moja, ikiwa mshindi anabadilika mtaona wazi uamuzi umekaa wapi.

Pia muulize kama wamehesabu kinachobaki mabwawa yakishachoka, maana udongo wa chumvi na tindikali hauoti kitu kwa urahisi. Na hapo kwenu Kwale mnao mfano wa jirani, Gazi na Makongeni, mradi wa Mikoko Pamoja toka 2013 unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa, yaani watu wa nje wanalipa ili mikoko iendelee kuihifadhi, kama tani 3,000 kwa mwaka, hela inaingia kwenye maji na shule. Nendeni mkaongee na wale wazee na akina mama wenyewe, muwaulize pia yaliyowashinda, msirudi na ya kusifia tu.

"Sisi ni kikundi cha kina mama Lushoto, watu 23. Hatuna hela ya kuita wataalamu. Tunataka kujua kama bustani zetu na kisima vitadumu au tunajimaliza. Tunaweza kujipimia wenyewe?"

Mnaweza dada zangu, na kwa baadhi ya mambo mtapima vizuri kuliko sisi. Nikiwa kijana kwenye timu fulani ya tathmini tulifika kijiji kimoja saa nne asubuhi, msimu wa palizi. Wakaja wanaume wazee kumi na wawili, tukajaza dodoso, tulipouliza maji wakasema yapo, tukaandika "yanatosha". Jioni gari ikagoma tukalala palepale. Saa kumi alfajiri nikasikia ndoo, nikatoka nje, nikaona mstari wa wanawake na watoto wanashuka bondeni na vibatari, foleni ya kisima inaanza giza halijaondoka. Nilimwambia kiongozi wa timu asubuhi ileile. Akasema siku za kazi zimeisha, ripoti haibadilishwi. Lile neno "yanatosha" likachapwa, likafika kwa wenye kuamua, na mpaka leo linaniuma kwa sababu mkono ulioliandika ni wangu.

Kwahiyo anzeni na kile ambacho mgeni wa saa nne hakioni. Msichague vitu ishirini, chagueni vinne au vitano ambavyo mkiviona vimebadilika mtabadilisha jambo kweli, maana kupima kitu ambacho hakitawafanya mfanye chochote ni kuchoka bure. Mmoja wenu ahesabu dakika toka ndoo inapofika foleni mpaka inajaa, siku moja kila wiki, siku ileile. Mwingine afunge fimbo yenye alama kisimani aandike maji yako alama ya ngapi. Bustani, hesabuni debe za mbolea mlizoweka na magunia mliyotoa, kama mbolea inapanda kila msimu na magunia yanabaki palepale basi udongo unawaambia kitu. Kuni, mnatembea mpaka wapi sasa na mwaka jana mlikuwa mnaishia wapi. Na wekeni kipimo cha watu, wangapi kati ya 23 wameacha kuja na kwanini, kikundi kinaweza kufa bustani ikiwa bado ya kijani.

Halafu kabla hamjaanza kaeni mkubaliane namba ya kuchukulia hatua, muiandike. Kwa mfano fimbo ikishuka alama ya tatu kabla ya mwezi wa tisa tunaacha kumwagilia kabichi tunabaki na maharage. Mkingoja mpaka ifike ndo mjadiliane, mwenye kabichi nyingi atashinda. Daftari liwe moja, lenye jalada gumu, likae kwa mtu anayejua kuandika tarehe kila siku bila kuruka, na siku mtaalamu yeyote akija na jedwali lake mumwekee hilo daftari mezani mumwombe aanze na ukurasa wa kwanza.